Nguo Isiyo na Karatasi

Nina bega moja lililoshuka, la kushoto. Naanza nalo kwa sababu aibu yangu yote ilipitia hapo, na kwa sababu nimelificha miaka mingi mno; kila gauni ninalovaa lina pedi upande mmoja. Wanaolijua ni watu wa nyumbani kwetu tu, walionipachika jina la Kibega nikiwa na miaka sita, siku niliyopanda meza ya mama ya kukatia vitambaa nikaanguka kama gunia. Mfupa uliunga, lakini uliunga unavyotaka wenyewe. Dada yangu, aliyeachiwa kazi ya kuniangalia, alichapwa siku hiyohiyo, huku mimi nikibembelezwa kwa soda.

Mama alikuwa fundi cherehani, na kazi yake tukairithi sote wawili, kila mtu kwa njia yake. Dada alibaki na cherehani ya mama katika chumba cha mbele cha nyumba yake, anashonea majirani sare za shule na magauni ya harusi. Mimi nikawa mbunifu wa mitindo. Ndivyo kadi yangu inavyosema, na ndivyo kioo cha duka langu kinavyosema kwa herufi za dhahabu. Ukweli ni kwamba sijashona nguo nzima kwa mkono wangu kwa miaka minne. Nachora, nanyoosha kidole, nafoka. Wanaoshona ni mafundi watano wa chumba cha nyuma, ambako wateja hawafiki.

Kisha ikaja barua ya mnada wa hisani. Hospitali ilitaka kupanua wodi ya watoto walioungua, na kamati ikaomba wachoraji watoe picha na wabunifu watoe nguo, kila mmoja kitu kimoja, vinadiwe Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa maonyesho. Kulikuwa na fomu, na kwenye fomu kulikuwa na mstari huu: "Nathibitisha kuwa nguo hii nimeibuni na kuishona kwa mkono wangu mwenyewe." Nikatia saini kubwa yenye mkia. Nilijiambia si uongo, maana nguo yenyewe ilikuwa bado haijashonwa, na ningeishona.

Nikaishona kweli, nusu yake. Nilinunua mahameli nyeusi ya bei mbaya, nikawaondoa mafundi mezani, nikakata mwenyewe kwa mikono iliyokwisha sahau kazi. Mahameli ina mwelekeo kama manyoya ya paka: ukiipapasa upande mmoja inalala, upande mwingine inasimama. Mtoto wa fundi analijua hilo kabla hajajua kusoma. Mimi nikakata kipande cha mbele cha kulia kikitazama juu na cha kushoto kikitazama chini. Nilipoviunganisha na kuvitundika chini ya taa, gauni likawa na rangi mbili, kama ukuta uliopakwa na watu waliogombana.

"Bosi, hii nani kaikata?" akauliza fundi wangu mkubwa, mzee wa watu mwenye wajukuu, ambaye alikuwa amesimama palepale wakati nakata.

"Mnaniuliza mimi? Hapa kazi za ovyo kila siku anazifanya nani?"

Alinitazama. Akaviokota vipande, akavikunja vizuri, akaviweka rafuni. Uso ulinichoma, nikajifanya natafuta simu kwenye mkoba.

Ilikuwa Jumatano, nimebakiwa na siku tatu. Nikalikumbuka kabati la dada.

Kila fundi analo kabati la namna hiyo, la nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua: bibi harusi aliyeahirisha akaahirisha mpaka akaacha, mtu aliyehama, mtu aliyenenepa akaona haya. Na nilijua mkono wa dada ulivyo. Niseme wazi, kwa kuwa huko nyuma sijapata kulisema: dada anashona kuliko mimi. Alinishinda tukiwa watoto na ananishinda hadi leo.

Nilikwenda saa ambayo nilijua hayupo. Kila Jumatano mchana dada hupeleka hospitalini shuka na vigauni vya wagonjwa anavyovishona kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki. Ni kwa ajili ya wodi hiyohiyo ya watoto walioungua, na kwa hilo hajawahi kujaza fomu wala kupigwa picha. Machoni pangu zilikuwa shuka tu, basi. Aliyenifungulia mlango ni shemeji, mume wake, na kijiko cha mchuzi mkononi.

"Shemeji! Leo jua limechomoza wapi? Tumeshakusahau sura."

"Kazi, shemeji. Kazi zinatumaliza."

"Dada yako kaenda hospitali. Kaa basi nikuwekee chai."

Nikamwambia sikai, nataka kutazama kitu kimoja tu kabatini. Nguo zilikuwa zimebanana, kila moja na karatasi yake imeshikizwa kwa pini: jina la mteja, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Ndivyo mama alivyotufundisha. Mwisho kabisa, nyuma ya makoti mawili mazito, nikaliona. Gauni refu, rangi ya kijani kilichokoza, na kola yake imeshonwa kwa mikunjo midogo midogo ya mkono, labda mia na zaidi, kila mmoja umelala juu ya mwenzake. Niligeuza ndani nikatazama bitana, nikatafuta mshono uliokwenda kombo, sikuuona. Karatasi haikuwepo. Nikasema moyoni, huyu mteja hata jina lake limeshaanguka, hatarudi tena.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, ameniona nimelishika. Akatabasamu kwa namna ya mtu anayebana siri na siri inamtekenya.

"Kwani ameshakwambia?"

Sikujua anazungumzia nini, na sikutaka kukaa pale nikiulizwa.

"Ameshaniambia," nikasema.

"Afadhali! Maana mimi kunyamaza kulikuwa kunanishinda."

Akaleta shuka safi tulifunge ndani yake, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari kwa mikono miwili, kama anabeba mtoto aliyelala. Nikamshukuru, nikaondoka kwa kasi.

Jioni ile dada alipiga simu. Sikupokea. Alhamisi akapiga mara mbili, Ijumaa mara moja. Maneno nilikuwa nimeshayapanga: kwamba nimeazima tu, kwamba mwenyewe harudi, kwamba ni kwa ajili ya watoto, kwamba kitambaa nitamnunulia kingine. Kila simu ilipoita, maneno yote yalinikauka, nikaigeuza ikalala kifudifudi mezani. Nikajiambia nitamweleza baada ya mnada.

Jumamosi asubuhi nilijifungia ofisini nikashona lebo yangu nyuma ya shingo ya lile gauni, mbio mbio, masikio yako mlangoni. Ikaingia upande. Niliiona kwamba imeingia upande, nikaiacha, nikasema hakuna atakayeitazama. Katika gauni lile zima, lebo hiyo ndiyo mishono yangu pekee.

Ukumbi ulikuwa umejaa ilipofika saa nane mchana. Kuta nyeupe, picha zimetundikwa kila moja na namba yake, viti vimevalishwa vitambaa na feni kubwa tatu zinahangaika. Niliketishwa mstari wa watoaji, jirani na mchoraji mmoja mwenye rangi chini ya kucha na shati lililopigwa pasi mbele tu. Picha yake ilinadiwa kabla yangu, mwanamke amesimama dirishani. Mnadi, bwana mmoja mwenye tai nyekundu na mdomo usiochoka, akamuuliza kwenye kipaza sauti kwa nini mwanamke huyo ametia mikono mifukoni.

"Mikono ilinishinda," mchoraji akajibu. "Nimeifuta mara tisa. Mwisho nikasema mama, tia mfukoni tupumzike wote wawili."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na vibao vya namba vikapanda kwa furaha. Aliporudi kuketi aliniinamia.

"Na wewe, cha kwako kilikusumbua wapi?"

"Kola," nikasema.

"Nimeiona ilipokuwa inapitishwa mlangoni. Kazi kubwa ile. Mikunjo uliianzia juu au chini?"

Sikujua. Nikaangalia saa, nikasema naitwa nyuma, ingawa nilikuwa bado sijaitwa.

Nyuma ya pazia mambo yalikuwa yameharibika. Binti mwanamitindo, mrefu, mabega yamenyooka kama rafu, alikuwa amekwama ndani ya gauni. Zipu ilifika katikati ikagoma. Upande wa kulia kola ilimkaba shingo, upande wa kushoto ilimwagika.

"Hii nguo ina kasoro," binti akasema. "Mbona mabega hayalingani?"

"Nina dakika tatu," akasema mratibu, mwanamke mwenye kalamu mbili nyweleni. "Mbunifu, livae wewe mwenyewe. Itapendeza zaidi hata, mtu ndani ya kazi yake."

"Halitanienea."

"Jaribu."

Nikavua langu lenye pedi, nikalivaa lile. Likapita kichwani, likateremka, likakaa. Zipu ilipanda mara moja bila kubembelezwa. Kiuno kilikuwa pale kilipo kiuno changu mwaka huu, si mwaka jana. Na begani, upande wa kushoto, gauni liliteremka pamoja nami kwa kiasi kilekile, na kola ikatua imenyooka kabisa. Nilijitazama kwenye kioo. Bila pedi yoyote, nilikuwa nimenyooka.

Nikaelewa palepale. Mama alikuwa na utaratibu wake: nguo ya mteja huwekwa karatasi, nguo ya mtu wa nyumbani haiwekwi, maana mwili wa mtu wako huuandiki, unaujua. Nilikua ndani ya utaratibu huo. Nilikuwa nimeusahau kama nilivyosahau mwelekeo wa mahameli. Mwezi uliofuata duka langu lilikuwa linatimiza miaka kumi, na dada alikuwa ameniuliza kwa simu, kwa ile sauti yake ya kujifanya hana habari, siku hiyo nitavaa nini. Nilimjibu niko kwenye shughuli, nitampigia. Sikumpigia. Hajanishikia futi ya kupimia miaka na miaka. Alinipima kwa macho, labda siku ile nilipopita kwake nikasimama dakika kumi bila kukubali kiti.

Kwani ameshakwambia? Ameshaniambia.

"Haya, twende, twende," mratibu akasema, akanisukuma mgongoni.

Nilipotokea jukwaani makofi yakalipuka. Nikatazama watu ili nisitazame sakafu, na mstari wa tatu, pembeni ya muuguzi mkuu wa wodi, nikamwona dada. Hakuna aliyeniambia kwamba wamemwalika, kwa ajili ya zile shuka zake. Alikuwa amevaa gauni lake la buluu, lile la siku za maana. Akasimama. Katika ukumbi mzima alisimama peke yake, viganja amevikutanisha kifuani, uso wote unacheka. Akanyoosha kidole kwenye bega langu, akamnong'oneza muuguzi mkuu, na muuguzi mkuu naye akacheka. Alidhani nimekuja mnadani nimevaa zawadi yake.

Mnadi akafungua kitabu chake.

"Namba kumi na saba! Gauni la jioni, limebuniwa na kushonwa kwa mkono, kila mshono, mabibi na mabwana, na mbunifu mwenyewe, ambaye ndiye huyu mbele yenu! Nani ataanza?"

Dada akaketi. Hakuketi kwa hasira. Aliketi kama mtu aliyeinuka kwa makosa kwenye mkutano wa watu wengine, akapepesa macho kushoto na kulia aone ni nani amemwona. Akavuta mkoba wake mapajani akaukumbatia. Kosa nimefanya mimi, haya akaona yeye. Nimeshasahau mengi ya siku ile, lakini hilo sijalisahau hata kwa siku moja.

"Hebu tuambie kwanza," mnadi akanigeukia, kipaza sauti mbele ya midomo yangu. "Kola hii imekuchukua muda gani?"

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: ameshona dada yangu. Nikafungua mdomo. Nikaiona saini yangu yenye mkia, nikaziona kamera mbili mbele, nikaziona herufi za dhahabu kwenye kioo.

"Muda mrefu," nikasema. "Muda mrefu sana."

Wakapiga makofi tena. Vibao vikapanda, vikashuka, vikabaki viwili, kikabaki kimoja, cha mama mmoja mwenye malori ambaye sauti yake ni honi tosha. Nyundo ikagonga meza. Wakati wote huo nilisimama nimenyooka kuliko siku yoyote ya maisha yangu, natamani ardhi ipasuke.

Nilirudi nyuma ya pazia, nikavua, nikalitundika kwenye hanga, nikavaa langu lenye pedi. Nilikuwa bado nafunga vifungo niliposikia pazia linavutwa.

"Dada..." nikasema.

"Na shikamoo umeiacha wapi?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Alinipita akaenda moja kwa moja kwenye gauni. Akaipapasa kola kwa mgongo wa kidole, akaigeuza, akaiona lebo.

"Hii nani kaishona?"

"Mimi."

"Imekwenda upande."

Akavuta kiti. Kutoka mfuko wa ndani wa mkoba wake akatoa wembe, uzi na sindano, vitu asivyotoka bila kuwa navyo hata akienda msibani, akaanza kufumua lebo yangu. Moyo ulinitulia kidogo. Nikasema moyoni aing'oe, aichane, anitupie usoni. Hakufanya hivyo. Aliilaza upya, akaipima kwa kucha pande zote mbili, akaanza kulishona jina langu tena, kwa mishono midogo ambayo mimi sijawahi kuiweza.

"Dada, usiishone. Itoe. Nakwenda kuwaambia."

"Utawaambia nini? Watoto wameshapata vitanda. Waache watu wafurahi."

"Sikujua kama ni langu."

"Najua hukujua." Akavuta uzi. "Ungejua usingelinadi. Nadhani."

Hakuinua sauti. Ningefurahi angefoka, angenitukana, angenikumbusha kila kitu tangu meza ya mama. Alikata uzi kwa meno, akalainisha lebo kwa kidole gumba.

"Nguo haiwezi kutoka nyumbani kwetu na kitu kimekwenda upande," akasema. "Mama angenichapa tena."

Mara pazia likavutwa tena, akaingia mama mwenye malori, ananukia manukato, kibao chake bado mkononi.

"Hongera, mbunifu! Nimelipenda hilo gauni, nimelipenda mno. Ila bega la kushoto mbona limeshuka? Kule jukwaani nilidhani umesimama vibaya. Nalivaa wiki ijayo, nirekebishieni bega lilingane na mwenzake." Akamtazama dada na sindano yake. "Huyu ndiye fundi wako? Ana mkono mwepesi."

"Ndiyo, mama," dada akajibu haraka, kabla yangu. "Namsaidia saidia."

Hapo nikashindwa.

"Si fundi wangu," nikasema. "Ni dada yangu. Gauni hili kashona yeye, lote, tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nimeliiba kabatini kwake nikatia saini ya uongo." Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyevunja sahani.

Mama mwenye malori akanitazama, akamtazama dada, kisha akalitazama gauni.

"Aa," akasema. "Hayo ya kwenu, ya kifamilia. Mimi nimenunua gauni. Bega litakuwa tayari lini?"

Basi. Hakuna dari iliyoanguka. Jumatatu niliiandikia kamati barua ya ukweli, na fundi wangu mkubwa nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Nayataja tu, nisijipambe nayo. Kamati ilijibu kwa mistari miwili, kwamba wanashukuru na kwamba hesabu imeshafungwa. Kitu nilichokiogopa mpaka nikamkana dada yangu mbele ya watu, hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja ya kukisikia.

"Sasa hivi, mama," dada alimjibu siku ile, palepale nyuma ya pazia. "Ni kazi ya nusu saa. Livae nikutazame."

Akalivaa. Lilituenea karibu sawa, yeye na mimi, isipokuwa pale. Dada akasogea, akampima mabega kwa kiganja, akachora mstari kwa chaki, akachukua wembe. Alianza kufumua mshono wa bega la kushoto, polepole, asije akajeruhi kitambaa. Mimi nikapiga magoti pembeni na kikopo cha pini, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu tangu utotoni, kumshikia pini. Kitambaa kikapanda kidogo, kikapanda tena, kikalingana na upande wa kulia.

"Lilikukaa lakini?" dada akaniuliza kwa sauti ya chini, pini mbili mdomoni, hakuinua kichwa.

"Lilinikaa."

"Begani je, Kibega?"

Nilitaka kumjibu. Nikampa pini nyingine.